Vibao vidogo vya hadibodi kwa darasa la watoto 87: tathmini yangu baada ya miezi 11

Nimevitumia kwa miezi 11 sasa, karibu kila siku ya shule, kwenye Darasa la Tano ninalofundisha Hisabati na Sayansi huku Muheza, Tanga. Watoto ni 87, madawati ni 29, kila dawati watatu. Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi kama vibao hivi vina faida ya kweli au ni mapambo ya kumfurahisha mgeni akija darasani. Nasema vina faida, tena kubwa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua kwa hela yangu. Lakini vina kasoro zake, na ukivitengeneza vibaya kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, utatupa pesa.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Ni kipande cha hadibodi, urefu sentimita 30 na upana sentimita 20, kimepakwa rangi nyeusi ya ubao upande ule laini. Mtoto anaandika kwa chaki, anafuta kwa kitambaa. Karatasi moja ya hadibodi ya futi nane kwa nne inatoa vibao 48 ukimsimamia fundi akate kwa mpangilio: nane kwa urefu, sita kwa upana. Tulinunua karatasi mbili, tukapata vibao 96. Hadibodi shilingi 48,000, rangi makopo mawili ya lita moja 26,000, msasa 3,000, na ufundi 30,000. Jumla 107,000, yaani kila kibao shilingi 1,115 hivi. Mimi na walimu wenzangu wawili tulichanga, na mzazi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatupunguzia bei ya hadibodi.

Hapa pwani kifaa hiki si kigeni. Babu yangu alisoma chuoni, yaani madrasa, Pangani kwa ubao wa mti. Maalimu anakuandikia aya kwa wino, unaisoma mpaka uihifadhi, halafu unauosha ubao kwa maji na kuandikiwa nyingine. Siku nilipowagawia watoto vibao wakaenda navyo nyumbani kuvipamba nyuma kwa majina yao, bibi mmoja alikuja shuleni kesho yake kuniambia, "Mwalimu, nimefurahi, kumbe ubao umerudi." Tofauti ni kwamba ule wa chuoni ulikuwa wa kuhifadhi alichoandika maalimu. Huu wangu ni wa kunionyesha alichowaza mtoto, na hapo ndipo ilipo thamani yake yote.

Nieleze siku iliyonifanya niviamini.

Nilikuwa nafundisha kujumlisha sehemu. Nilishafundisha kipindi kizima ubaoni, nimetoa mifano mitatu, nimeuliza, "Tumeelewana?" Mkajibu nyote mliowahi kukaa darasa la Tanzania: "Ndiyoooo mwalimuuu!" Kwa miaka tisa ya kazi yangu, hiyo "ndiyo" ndiyo ilikuwa kipimo changu. Nikiuliza swali, mikono saba au minane inanyooshwa, ileile ya kila siku, nachagua mmoja, anajibu sawa, darasa linampigia makofi, tunaendelea. Siku hiyo vibao vilikuwa na wiki moja tu. Nikaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, nikasema waandike jibu, wakiweke kibao kifuani, halafu kwa sauti yangu wainue wote kwa pamoja.

Wakainua. Nilisimama pale mbele nikaona mbili ya tano, mbili ya tano, mbili ya tano, safu kwa safu. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Wengine waliacha wazi. Waliopata tano ya sita niliweza kuwahesabu kwa vidole, na baadhi ya vinara wangu wa kunyoosha mikono hawakuwamo. Moyo uliniuma. Nilifikiria miaka tisa ya watoto waliosema "ndiyo" wakaondoka na mbili ya tano kichwani, na mimi nikaenda ofisini nikajaza kwenye andalio la somo kwamba lengo limefikiwa.

Nikiwa bado nimesimama, jicho likanasa kibao kimoja nyuma karibu na dirisha. Ni cha binti aliyehamia kwetu mwanzoni mwa mwaka, ambaye tangu aje sikuwahi kusikia sauti yake darasani isipokuwa kwenye "shikamoo". Alikuwa amechora duara, amelikata vipande sita kama mkate wa kumimina, amevipaka chaki vipande vitano, na chini yake ameandika tano ya sita. Sikumwita aje kueleza, najua angeganda. Nilimwomba tu niuchukue ule ubao, nikauinua darasa zima wauone, nikauliza, "Mwenzenu amechora nini hapa? Msiniambie mimi. Mwambie aliye karibu yako."

Darasa likaanza kuvuma. Nikapita katikati ya madawati nikisikiliza. Kijana mmoja alikuwa anabishana na jirani yake: "Sasa wewe nusu ya mkate ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi? Viwili. Hiyo mbili ya tano yako imetoka wapi?" Jirani akanyamaza, akahesabu tena, akafuta. Nikawaongezea swali moja tu: mkate nusu unao tayari mkononi, mama akakuongezea theluthi, inawezekanaje ubaki na mbili ya tano ambayo ni pungufu ya nusu? Kulikuwa na kimya, kisha sauti ya "Aaaah!" iliyotoka pande nne za darasa kwa nyakati tofauti, kila mtoto kwa wakati wake. Mara ya pili walipoinua vibao, kwa swali jingine, waliopata walikuwa wengi kuliko waliokosa. Hawakuwa wote. Lakini sasa nilijua ni nani hasa, wanakaa wapi, na wamekosea nini.

Baada ya siku ile nilielewa kitu kuhusu mbinu za kufundishia ambacho semina hazikuwahi kunifikishia. Silabasi zetu zimejaa mbinu shirikishi: bungua bongo, fikiri-jozisha-shirikisha, changanyakete, igizo dhima, matembezi ya galari. Tunaziandika kwenye andalio la somo kwa sababu zinatakiwa ziwepo. Nilikuwa nachagua mbinu nikiwa nyumbani Jumapili jioni, kabla sijajua watoto watakwama wapi. Nikichoka na moja nabadilisha nyingine ili somo lichangamke. Kumbe sababu ya kubadilisha mbinu ni kile unachokiona kwenye vichwa vya watoto dakika ile. Vibao vikionyesha wote wamepata, sina haja ya kuwaweka kwenye vikundi dakika 15, tunasonga mbele. Vikionyesha mgawanyiko wa nusu kwa nusu, huo ndio wakati wa kuwajozisha, kwa sababu kila dawati lina majibu mawili yanayopingana na wana kitu cha kweli cha kubishania. Vikionyesha karibu wote wamekosa, kuwajozisha ni kumpa kipofu kipofu mwenzake amwongoze. Hapo narudi mwenyewe na zana nyingine, nafundisha upya kwa njia tofauti.

Profesa mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, alianza kufanya jambo la namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anauliza swali, kila mwanafunzi anajibu peke yake kwanza, halafu wanajadiliana na jirani, halafu wanajibu tena. Kama chuo chenye uwezo ule kiliona kuna haja, mimi mwenye watoto 87 na kipindi cha dakika 40 nina haja zaidi.

Namna ninavyovitumia imekuwa na amri nne, na watoto wanazijua kama wimbo: Fikiri. Andika. Kifuani. Inua. Ile "Fikiri" ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiheshimu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri sekunde moja tu hivi kabla ya kumchagua mtu au kujibu mwenyewe. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Nilijipima kwa saa ya simu, nikakuta sisubiri hata sekunde mbili. Sasa nahesabu moyoni mpaka tano na chaki zikiwa chini. Sekunde tano za kimya katika darasa la watoto 87 ni nyingi sana, mwanzoni nilihisi nimesahau somo. Siku hizi ndizo sekunde ninazozipenda kuliko zote. Naona midomo inatembea, vidole vinahesabu chini ya dawati, macho yanaangalia dari.

"Kifuani" ni dawa ya kunakiliana. Wakikaa watatu dawati moja, mwenye haraka akiandika, wenzake wawili wanachungulia. Kibao kikishaandikwa kinageuzwa kifuani hapohapo. Bado wapo wanaochungulia, sikatai, lakini wamepungua sana tangu waone kwamba aliyekosea hachapwi wala hachekwi. Hilo lilinigharimu wiki tatu za kurudia neno moja: kosa lako ni msaada kwangu. Siku ya kwanza mtoto alipoinua kibao mwenyewe na kusema, "Mwalimu, mimi nimekosea hapa," akaonyesha mahali, nilijua tumefika.

Kila kipindi cha Hisabati nakifungua kwa maswali matatu ya vibao: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Yanachukua dakika sita au saba. Nilikuwa nawaambia watoto "someni tena daftari zenu," nikidhani kurudia kusoma ndiyo kukumbuka. Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kwa wanafunzi wa chuo kwamba waliosoma makala na kurudia kuisoma walikumbuka zaidi wakipimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Kwangu lile swali la mwezi uliopita ndilo linalonishtua zaidi. Mzingo na eneo, ambavyo nilikuwa na hakika wamevishika mwezi Machi, mwezi Aprili viliinuliwa vimechanganywa nusu ya darasa. Bila kibao ningegundua kwenye mtihani wa muhula, muda ukiwa umeshapita.

Hapa niseme jambo moja ambalo linanigusa. Kuna semina moja niliyohudhuria zamani tulifundishwa kuwagawa watoto: huyu ni wa kujifunza kwa kuona, huyu kwa kusikia, huyu kwa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Nilirudi nikaifanya kwa moyo wote. Niliandika orodha, nikawabadilisha viti. Mwezi mzima. Watoto niliowaandika "wa kusikia" nikawanyima kuchora kwa sababu nilidhani si njia yao. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za mitindo hiyo na hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Nilisikitika kwa ajili ya wale watoto. Vibao vilinithibitishia kwa macho: kwenye sehemu, kila mtoto alifaidika kwa kukunja karatasi, kwa kuchora na kwa kumweleza mwenzake. Kinachoamua njia ni mada na mahali walipokwama. Kama unafundisha umbo, chora. Kama unafundisha shairi, lisikike. Usimfungie mtoto mlango kwa jina ulilompa.

Sasa kasoro, maana ziko.

Kundi la kwanza la vibao 48 rangi ilibanduka ndani ya mwezi mmoja. Fundi alitumia rangi nyeusi ya kawaida ya mafuta. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, rangi ni ileile tu, nyeusi ni nyeusi." Si ileile. Rangi ya kawaida inateleza, chaki haishiki, mtoto anakandamiza, na ukifuta kwa kitambaa kibichi inatoka na vigamba. Ikabidi vipigwe msasa upya na kupakwa rangi ya ubao mikono miwili, ya kwanza ikauke usiku kucha. Ile 26,000 ya makopo mawili niliyoitaja juu ni ya rangi sahihi. Hasara ya mwanzo sikuiweka kwenye hesabu, nililipa mwenyewe. Ukienda dukani taja "rangi ya ubao wa kuandikia" na usome kopo kabla ya kulipa.

Ya pili ni maji. Hadibodi inakunywa maji kama mkate. Masika ilipoanza, boksi la vibao lilikuwa chini ya dirisha lisilo na kioo. Asubuhi tulikuta 11 vimevimba kingo na kujikunja, havikai tena bapa. Vitatu vingine vimevunjika pembe kwa kudondoka. Jumla nimepoteza 14 kati ya 96, nimebaki na 82, kwa hiyo siku ambayo mahudhurio ni kamili kuna watoto watano wanaoshirikiana na jirani. Sasa tunavitunza ofisini kwenye makreti ya plastiki, na toleo lijalo nataka kingo zote nne zipakwe rangi pia, pande zote mbili, kuziba njia ya maji.

Vumbi la chaki ni tatizo la kweli. Nina mtoto mwenye pumu. Watoto 87 wakifuta kwa mkupuo mmoja, hewa inakuwa nyeupe. Vitambaa tunavyotumia ni soksi kuukuu na vipande vya kanga walivyoleta kutoka nyumbani, na sheria ni kwamba kitambaa kiwe na unyevu kidogo, kifute kwenda upande mmoja, kibao kisipigwepigwe. Yule mwenye pumu anakaa mlangoni kwenye hewa. Imesaidia, ila sijaridhika, na mwalimu mwenye watoto kadhaa wa namna hiyo katika chumba kidogo afikirie sana kabla ya kuchukua njia ya chaki.

Muda wa kugawa: mwanzoni dakika sita zinapotea, na ugomvi wa "hiki changu" juu yake. Tulipoweka kiongozi kwa kila safu, anayevichukua na kuvirudisha kwa hesabu, imeshuka chini ya dakika mbili. Kelele nazo zilikuwepo. Walizoea kugonga vibao juu ya madawati kushangilia, mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni na alikuwa na haki. Sasa wanashangilia kwa kutikisa kibao hewani.

Na kibao hakiweki kumbukumbu. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua aliomba madaftari, akakuta kazi chache kuliko alivyotarajia kwa wiki zile, na nilikuwa sina cha kumwonyesha. Wazazi nao hupima shule kwa daftari, na siwalaumu, ndicho wanachokiona. Tangu hapo dakika nane za mwisho wa kipindi ni za daftari: swali moja lililotushinda kwenye vibao linafanywa kamili, hatua kwa hatua, nalisahihisha. Madaftari yamekuwa na kazi chache lakini safi, na mimi nasahihisha makosa ambayo tayari nayajua yametoka wapi.

Nilijaribu njia nyingine kabla ya hii. Moja ni karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki, mtoto anaandika kwa kalamu ya maka na kufuta. Inaonekana vizuri hata kutoka mbali, haina vumbi, na kwa darasa la watoto 30 ningeipendekeza kabla ya vibao. Kwa 87 kalamu zinakauka, vifuniko vinapotea, na kila wiki unanunua upya. Nyingine ni zile kadi za karatasi zenye alama ambazo mtoto anazigeuza upande wa A, B, C au D na mwalimu anazipitishia simu moja tu. Ni ubunifu mzuri sana, mtoto hahitaji simu, na majibu yanahifadhiwa kwa jina la kila mmoja, jambo ambalo kibao hakiwezi. Lakini zinanipa herufi. Hazinipi ule mkate wa vipande sita. Mtoto akichagua C sijui aliwazaje mpaka akafika C. Akiandika mbili ya tano kwa mkono wake, najua mara moja. Kwa maswali ya kuchagua ya Sayansi kadi zinatosha. Kwa Hisabati nataka kuona njia.

Na kuna masomo ambayo kibao hakifai, nisiwadanganye. Kwenye Sayansi, tulipootesha maharage kwenye pamba, la maana lilikuwa kushika, kumwagilia na kupima kila asubuhi. Kwenye mfumo wa chakula nilitumia changanyakete, ile aliyoianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule za weusi na weupe zilipounganishwa na watoto wakawa hawashirikiani: kila mtoto anapewa kipande chake cha somo, anakijifunza na wenzake wenye kipande hichohicho, kisha anarudi kikundini kuwafundisha wengine. Mara ya kwanza ilinivunjikia kabisa, watoto 87 wakizunguka chumba kimoja kutafuta vikundi. Mara ya pili niliifanya bila mtu kuondoka zaidi ya dawati la mbele au la nyuma yake, na ilikwenda. Yule binti wa dirishani alipewa utumbo mwembamba. Alisimama mbele ya wenzake wanne akaeleza kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kibao alichochorea mchoro, akiuangalia mchoro badala ya nyuso zao. Nilikuwa dawati la tatu, nilijifanya nasahihisha. Alipomaliza mmoja akamwuliza swali, naye akajibu. Kisha akafuta kibao taratibu kwa kipande chake cha kanga, akakaa.

Walimu wawili wameshaviiga. Mwalimu wa Darasa la Nne aliviona kwenye kikao chetu cha jumuiya ya kujifunza, ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunayokaa shuleni, akaviazima kwa vipindi vya asubuhi, na sasa tunagombea ratiba. Nilimwonya asianze navyo siku ya mada mpya. Aanze na jambo wanalolijua, watoto wazoee zile amri nne na wazoee kwamba kukosea si hatari, halafu ndipo avitumie mahali pagumu. Nilimwonya pia kuhusu aina ya swali. "Saba mara nane ni ngapi?" inakupa waliopata na waliokosa, basi. "Andika sehemu mbili zilizo sawa na theluthi" au "Chora pembe kubwa kuliko pembe mraba" inakupa majibu 87 ambayo kila moja lina habari ndani yake.

Alama yangu: nne kati ya tano kwa darasa kubwa la Hisabati. Ningetoa tano kama si vumbi na maji. Kwa Kiswahili, sarufi na tahajia ndiyo, insha hapana. Kwa watoto wa awali na darasa la kwanza kata vidogo zaidi, sentimita 20 kwa 15, mikono yao isichoke, na uwape chaki nusunusu.

Jumamosi naenda kwa fundi na karatasi ya tatu ya hadibodi. Nimemwandikia kwenye karatasi asije akasahau: vipande 48, pembe zizungushwe kwa msasa, rangi ya ubao mikono miwili mbele, mkono mmoja nyuma na kwenye kingo, vikauke siku mbili kabla sijavibeba. Atoboe tundu dogo kwenye kona ya juu, nipitishe kamba ya katani kila kibao kiwe na kitambaa chake.